Chumvi ya Shangazi Hannah

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wanjugu alikoroga uji, akafunika makaa kwa majivu, kisha akachungulia mkebe wa chumvi. Kazi hiyo ya mwisho alikuwa amepewa na mama yake majuzi tu, kwa sababu chumvi ya nyumba yao pale Waithaka ilikuwa inapungua kana kwamba ina miguu.

Huo ulikuwa mwaka wa 1955, siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapiganaji waliojificha msituni, na jambo hilo halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Aliyenunua chakula kingi kuliko matumbo ya nyumba yake aliulizwa anampelekea nani msituni, na akikosa jibu alipelekwa kizuizini. Tayari hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa amemsimamisha mama dukani na kumuuliza, kwa upole uliotisha kuliko ukali, ni vipi watu watatu wanamaliza chumvi yote hiyo. Baba alikuwa mbali, Nakuru, akifanya kazi ya reli.

Mama alimshuku Hannah, dada ya baba, aliyekuwa anakaa nao. Wanjugu alimshuku zaidi. Zamani shangazi alilima hadi jua likachoka, lakini sasa akipalilia mistari miwili ya maharagwe anaketi. Tena alikuwa anakonda. Kama chumvi inaisha naye anakonda, basi haiingii tumboni mwake, Wanjugu aliwaza, na akajiona mwerevu kweli.

Jumamosi alimnyatia hadi shambani, akajibanza nyuma ya migomba. Shangazi aliketi, akafungua fundo la leso, akamimina chumvi kiganjani na kuilamba taratibu, macho ameyafumba. Mistari ya kiganja hicho ilikuwa myeusi kama iliyopakwa masizi. Wanjugu alisubiri mtu atokee vichakani, lakini hakutokea yeyote. Shangazi alipomwona hakukasirika.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Mwili unaidai, nami sijui kwa nini."

Wanjugu hakumwamini. Labda mgeni wa msituni alikuwa ameshtuka na kurudi. Alikwenda mbio kumwambia mama, naye mama akamwonya kwamba tangu siku hiyo, yeyote akiuliza, wao hawajui lolote kuhusu chumvi.

Jumatano shangazi alitapika tangu asubuhi, na alipojaribu kusimama akaanguka. Gari la misheni liliwapeleka hospitali kubwa ya mjini. Huko walipokewa na msaidizi wa daktari, Tobias Were, mtu wa Nyanza mwenye maneno machache. Mlangoni alisimama askari aliyekuwa akilinda wafungwa wagonjwa. Mama alieleza kwamba ni homa tu. Tobias alipima presha, akakunja uso. Alifunua mdomo wa mgonjwa, akaona mabaka meusi kwenye ufizi, akatazama viganja.

"Mama, huyu dada amekuwa akitamani kula kitu gani sana?"

"Hakuna. Anakula kama sisi," mama alijibu, huku akimbana Wanjugu vidole.

Wanjugu alimtazama askari. Akisema, huenda shangazi akatolewa hapo kwa pingu. Kisha akaona macho ya shangazi yakipinduka, na woga mwingine ukamshika, mkubwa kuliko ule wa kwanza.

"Anakula chumvi," alisema. "Anailamba kwa siri. Nimemwona."

Askari aligeuza kichwa. Tobias hakumjali hata kidogo, alikwenda kumwita daktari kwa haraka. Punde shangazi alitundikiwa maji ya chumvi na sukari, akadungwa dawa mpya iitwayo kotisoni.

Siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani akinywa supu. Tobias aliwaeleza kwamba juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, na za Hannah zilikuwa zimeharibiwa na kifua kikuu alichougua zamani. Bila tezi hizo, chumvi ya mwili hupotea kwenye mkojo na nguvu huisha. Angemeza vidonge kila siku ya maisha yake, bila kuruka hata siku moja. Daktari aliandika barua ya kumweleza hedimani kwamba chumvi hiyo ni ya matibabu.

"Nilikushuku, Hannah," mama alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nilijua, wifi. Ndiyo maana hata nilipoanza kuzimia shambani sikuwaambia."

Mama alimshika mkono. Tobias aliwageukia wote.

"Mngeendelea kuficha hadi jioni, tungempoteza," alisema. "Daktari aambiwe kila kitu, hata kile mnachokiogopa. Wewe mtoto umefanya hivyo, na umemwokoa. Lakini nyote mlimwona akikonda, mkakazana kumpeleleza. Siku nyingine mkimwona mtu wenu amebadilika, muulizeni kwanza anaumwa wapi."

Wanjugu alisogea, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shangazi," aliuliza, "ulikuwa unaumwa wapi?"

Hannah alianza kumweleza, na maelezo yake yalikuwa marefu.