Mahali Peusi Kichwani mwa Onésime

Siku ile ya Machi 1986, Alphonsine hakwenda bandarini Kalemie, Zaire, kumtafuta mwanaume. Posta ilimtuma achukue mfuko wa barua kutoka meli ya Kigoma, naye alivaa kikwembe chake, kitenge cha kijani cha kila siku. Katikati ya wapagazi na magunia ya chumvi akamwona Onésime akishuka, koti lake la abacost limemlegea mabegani, bahasha kubwa ameikumbatia kifuani.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu mzigo wa winchi umgonge kichwa hapohapo gatini, Wamisionari wakampeleka Nairobi.

"Umekonda," Alphonsine akamwambia.

"Na wewe umezidi kuwa muzuri. Ama nilisahau?"

Alphonsine akacheka. Wiki moja kabla ya ajali, Onésime alikuwa amemwomba amuoe. Walipatana kwa siri kwamba Jumatatu ya Pasaka ataleta wazee wake nyumbani kwao. Pasaka ilikuwa imebakiza siku kumi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha za ubongo, zilizopigwa na mashine inayoonyesha ndani ya kichwa bila kisu: moja ya siku alipofika Nairobi, nyingine ya mwezi uliopita. Barua ya daktari ilikuwa ya Kiingereza, na Kalemie nani alisoma Kiingereza? Onésime akazipeleka kwa Papa Barnabé, baba yake Alphonsine, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa muuguzi wa wachimbaji wa Manono, akisoma picha za vifua vyao.

Papa Barnabé akaziinua dirishani. Ya kwanza ilikuwa na doa jeupe. Katika ya pili, mahali palepale palikuwa peusi. Katika picha za kifua weupe ndio ugonjwa, na weusi ni hewa safi. Basi akatangaza kwamba kijana amepona kabisa, na mtaa mzima ukapata habari.

Onésime akarudi kazini bandarini, na kila asubuhi alipiga simu posta, ambako Alphonsine alikuwa akiunganisha laini.

"Mama Posta, unipatie ule wa kikwembe cha kijani."

"Iko na kazi."

"Basi nitangojea kwa laini."

Ya wazee hakutaja. Alphonsine naye hakuuliza. Aliona aibu mwanamke kumkumbusha mwanaume posa. Jumatatu ya Pasaka alipika kuku wawili, akavaa kikwembe kipya, akakaa mpaka jua likazama. Hakuja mtu. Ndipo akamweleza baba yake yote.

"Kichwa yake ni safi, niliiona kwa macho yangu," akasema Papa Barnabé. "Muntu wa kichwa safi asipokuja, hataki."

Kwa wiki tatu, kila aliposikia sauti ya Onésime, Alphonsine alichomoa waya. Aliumia sana. Mwishowe akaichukua ile bahasha, iliyokuwa imebaki kwa baba yake, ili amrudishie mwenyewe. Asubuhi hiyo Daktari Célestin, aliyesomea Lusaka kwa Kiingereza, alikuja posta kupiga simu Lubumbashi. Alphonsine akampa barua asome, akishuku kwamba labda mlikuwa na jina la mwanamke wa Nairobi.

Daktari alisoma, akatazama picha, akatikisa kichwa. Weupe ulikuwa damu, akaeleza. Uvimbe umeisha, na hiyo ni habari njema, lakini pale peusi ubongo ulikufa. Sehemu zilizobaki zinajifunza kazi yake polepole. Kumbukumbu za wiki mbili kabla ya ajali amezipoteza, na hazitarudi.

Alphonsine akarudisha picha ndani ya bahasha. Kisha akaunganisha bandari.

"Onésime, wiki ya kabla ya ajali unakumbuka nini?"

"Hakuna kitu. Niliogopa kukuambia. Watu wote wanasema nimepona."

"Na hakuna kitu unataka kuniomba?"

"Iko. Tangu siku ya meli niko nayo. Lakini mwanamuke gani atakubali muntu wa kichwa ya hivi?"

"Wewe omba tu."

"Alphonsine, nikuoe?"

"Ndiyo."

"Hata haukuwaza."

"Niliwaza miezi tisa. Ulikwisha kuniomba, kabla mzigo haujakupiga. Leo ni mara ya pili."



"Na ile ya kwanza ulijibu nini?"

"Nilisema ndiyo," akajibu, machozi yakimtoka. "Ukisahau tena, uniulize tena."

Daktari Célestin alingoja laini yake ya Lubumbashi mpaka saa sita.