Chuo cha Chaguo la Pili

Kila asubuhi Esohe aliamka na uchovu wa jana. Alimenya kunde zilizolowekwa, akazisaga, kisha akakaa na mama yake kando ya barabara wakikaanga akara, zile bajia za kunde ambazo Jiji la Benin haliwezi kuanza siku bila hizo. Wenzake aliomaliza nao sekondari walikuwa vyuoni. Yeye alikuwa na mwaka wa pili katika moshi.

"Mhasibu wetu, bado tu?" wateja walimtania. "Haya, tuhesabie chenji, usije ukasahau!"

Esohe alicheka nao, ingawa alikuwa amechoka hata kucheka.

Jirani yao, Bwana Aimuan, alikuwa karani katika chuo kikuu cha hapo mjini. Zamani Mama Esohe alimwamkia kwa salamu ya asubuhi ya ukoo wake. Kwetu kila ukoo una salamu yake, na kumnyima mtu salamu hiyo ni kumwambia hana kwao. Lakini tangu Esohe akose nafasi chuoni, mama alikuwa akimwona tu anageuzia uso karai.

"Wala rushwa wakubwa hao!" alisema asubuhi moja jirani huyo alipokuwa akipita, wala hakushusha sauti. "Wamemnyima mwanangu nafasi."

Bwana Aimuan alipita zake. Esohe akaanza kugeuza akara ambazo hazijaiva.

Jumamosi walikwenda kituo cha kompyuta kujiandikisha kwa mtihani wa kuingia vyuo. Safari hii mama naye alikwenda, magoti yakimuuma. Walipanga foleni juani mpaka mchana.

"Uhasibu," alisema dada wa kompyuta. "Chaguo la kwanza chuo gani?"

"Hiki cha hapa hapana!" mama alidakia. "Mara mbili tumekiweka mbele, mara mbili wametutosa. Weka kile kikubwa cha mbali."

"Mama, na pesa ya chumba huko?" Esohe aliuliza.

"Nitauza friza. Mnunuzi anakuja kesho. Nimefunga kula kila Ijumaa kwa ajili yako, friza ni kitu gani?"

Samaki waliowauza kutoka kwenye friza hiyo ndio waliowalisha akara zilipokosa wateja. Esohe akamshika mama mkono.

"Usiuze, mama. Hiki cha hapa hatukukiweka mbele. Nilikiweka cha pili, mara zote mbili."

"Si ulisema..."

"Nilikudanganya. Uwaila niliyemaliza naye sekondari na wenzake wanakiita chuo cha wanaoogopa kuachana na mama zao. Niliona haya. Nikatanguliza kile kikubwa, alama zikapungua."

Dada wa kompyuta akaguna. "Na hiki cha hapa hakimtazami mtu aliyekiweka cha pili. Kila mwaka watu wanalia papa hapa! Uhasibu wao unatambuliwa na bodi ya wahasibu sawa na wa kule. Ulikuwa unakimbia nini?"

Mama alivuta kiti akaketi.

"Ijumaa zote zile," alisema. "Na yule mtoto wa watu niliyemwita mla rushwa! Ole wangu."

Esohe alitamani mama amchape, lakini mama alikuwa amechoka mno.

"Andika cha hapa," mama akamwambia yule dada. "Cha kwanza."

Jumatatu Bwana Aimuan alipopita, mama alisimama akamwamkia kwa salamu ya ukoo wake. Bwana Aimuan alisimama papo hapo.

"Nimekukosea, baba. Mwanangu ana la kukwambia."

Esohe akasema yote. Bwana Aimuan akalitazama karai.

"Miaka miwili ninakula akara za yule mama wa njia panda," alisema. "Ngumu hizo! Nifungieni za moto."

Mwaka huo Esohe alipata nafasi. Asubuhi ya kwanza ya masomo, mama alimwita kando ya karai.

"Mwanangu, mhasibu ni mtu ambaye watu wanaamini neno lake. Uongo wako ulininyima chakula, ukamnyima jirani salamu, ukakuweka wewe kwenye moshi miaka miwili. Uwaila angekucheka wiki moja, basi, angechoka."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Nenda, utachelewa."

Esohe akachukua mkoba, akaenda kwa miguu. Chuo kilikuwa karibu.