Mgonjwa wa Pili Ndani ya Miwani

Yaw Amponsem alikuwa amezoea majibu ya ajabu, lakini haya yalifanana mno. Kampuni ilimtuma Kumasi na miwani ya kufundishia wakunga: ukiivaa, unajikuta chumba cha kuzalia, mbele yako mama yuko kwenye uchungu. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wauguzi kama wangetaka hospitali yao iinunue. Swali la saba: umeona wagonjwa wangapi? Wote sita waliandika wawili.

"Tumeweka mmoja tu," alinong'ona.

"Basi yule aliyeketi sakafuni karibu na mlango ni shangazi yako?" Sista Pokuaa, mkunga mkuu, alimuuliza.

Hakuna aliyecheka. Yule wa sakafuni alikuwa ameita, "Akosua!" na muuguzi mdogo aliyevaa miwani wakati huo, aliyezaliwa Jumapili kama Akosua wengine wote mjini, akaitika. Tangu hapo mikono yake ilikuwa baridi kama ya maiti, vidole havikunjiki. Mchana wenzake walimlisha fufu kwa zamu, wakimfuta mdomo taratibu. Mkunga bila mikono angefanya kazi gani?

"Sista, andikeni mmoja, niondoke na miwani yangu," Yaw alisihi.

"Uondoke na mikono ya binti yetu? Keti hapo, kijana wa makaratasi."

Pokuaa akavaa miwani. Harufu ya damu ikajaa chumbani, nguo ikasikika ikiburuzwa sakafuni, na sauti ikaita kwa upole, Adwoa, Adwoa, jina la Jumatatu aliyozaliwa, ikisogea mpaka pumzi baridi ikamgusa sikio, na bado hakuitika, kwa sababu sasa alimwona mwanamke mwenyewe, midomo imepasuka kwa kiu, tumbo limejaa, macho ya mtu aliyengoja kuhudumiwa mpaka akafa akingoja.

"Siitiki! Mkunga ni mimi, anayeuliza ni mimi. Uchungu ulianza lini?"

Mwanamke akajishika tumbo.

"Ulikosa mikono ya kukupokea. Pole, mama. Lakini ya Akosua si yako, irudishe! Shika yangu, mpaka mtoto atoke tu. Haya, sukuma!"

Wengine walimwona amepiga magoti, mikono wazi, jasho likimtiririka. Ghafla Akosua akapiga kelele.

"Vinawaka! Vidole vyangu vinawaka moto!" Akajishika uso kwa viganja viwili, akilia.

Yaw akaivua ile miwani kichwani mwa Pokuaa, akaizima, akachomoa betri.

Ndani ya miwani, mtoto akalia.

Yaw akarukia mlango. Sista Pokuaa akaenda kunawa mikono, iliyokuwa imelowa damu hadi viwikoni.

"Mwacheni alie," akasema. "Sisi wakunga tunamwogopa anayenyamaza."