Sufuria Juu ya Modemu

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Irene alichota maji, akachambua maharage ya jioni, kisha akaifuta vumbi kompyuta ya kaka yake kwa kipande cha kanga. Lameck aliiacha nyumbani Maretadu alipokwenda chuoni. Ilikuwa kuukuu, kwa hiyo aliiwekea Linux, mfumo mwepesi usioielemea. Modemu yake ndogo ilikaa dirishani, imeunganishwa kwa waya mrefu. Saa kumi jioni nesi Gaudensia alipiga simu ya video kutoka hospitali ya Haydom alikolazwa mama yake Irene, Irene na bibi yake Bernadina wakamwona mama.

Kumwona ndiko kulikobaki. Mama alikuwa amepasuliwa koo na hakuweza kusema, hivyo kitochi cha bibi, simu ndogo ya vitufe, hakikufaa kitu. Mvua nayo ilikuwa imekata barabara.

Jumapili iliyopita picha iliganda. Uso wa mama ulikatika vipande vipande, ukapotea.

"Kuna nini, mjukuu wangu?" bibi aliuliza.

"Ni mvua, bibi. Inasumbua mtandao."

Haikuwa mvua. Irene na rafiki yake Judica walikuwa wakipakua tamthilia, na Lameck alishamkataza kupakua chochote wakati wa kuongea na mama. Laini ya kule kwao ilikuwa dhaifu, haikuweza kubeba vyote viwili. Irene alijua, akanyamaza.

Leo pia aliacha tamthilia ikipakuliwa. Ilibaki sehemu ya mwisho tu, angeizima saa kumi ikikaribia. Lakini leo haikuwa Jumapili ya kuchezea. Kesho asubuhi mama angepelekwa hospitali kubwa Moshi, mbali na nesi Gaudensia na simu yake.

Ngurumo zilipoanza, bibi alifunika kioo cha ukutani kwa kitenge, kama afanyavyo siku zote akiogopa radi. Irene akakimbilia kompyuta. Tamthilia ilikuwa imekwama. Akaizima haraka na kusubiri. Simu ikaita, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Akachukua kitochi na kumpigia Lameck, sauti ikiwa wazi bibi asikie.

"Shikamoo, kaka. Mtandao umegoma kabisa."

"Marahaba. Kuna kitu unapakua?"

"Hakuna."

"Basi modemu iko wapi?"

Irene akatazama dirishani. Haikuwepo. Akaufuata waya nyuma ya gunia la mahindi, mpaka kwenye sufuria nyeusi ya masizi iliyopinduliwa sakafuni.

"Niliihamisha mimi," bibi alisema. "Si ulisema mvua inaisumbua? Nikaona niifiche, isipate tabu."

"Chini ya sufuria, bibi?" Lameck alishangaa. "Mawimbi yatapenyaje kwenye bati? Mvua haikuwa na neno. Nani kasema ni mvua?"

Mvua ilipiga paa. Irene aliinama.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa napakua tamthilia. Na leo pia. Nimeizima sasa hivi."

Bibi alifunua sufuria, akaipangusa modemu kwa upindo wa gauni lake, akairudisha dirishani.

"Sasa tufanye nini, Lameck?" aliuliza.

"Irene, kata mtandao, uunganishe upya. Usifungue kitu kingine chochote."

Simu ya video iliita kwa mara nyingine. Picha ilikuja taratibu, kisha ikatulia. Mama alikuwa amekonda, shingo imefungwa bendeji. Alimtazama Irene kwa muda, akagusa nywele zake mwenyewe, kisha akamnyooshea kidole: nywele zako hazijasukwa.

"Nitamsuka, mwanangu," bibi alisema. "Wewe nenda ukapone."

Mama aliweka mkono kifuani. Nesi akasema wakati wa dawa umefika. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Irene alilia. Bibi alimwacha alie, akaenda kuchukua kitana, akakaa kwenye kigoda.

"Sikiliza, Irene. Mimi ni mzee, mambo ya mtandao siyajui. Nikikuuliza, neno lako ndilo ninalofanyia kazi. Uliponipa la uongo, nililifanyia kazi kwa moyo wote, nikaharibu. Ungesema kweli Jumapili ile, tungemwona mama yako mara mbili. Sasa tumemwona mara moja, na hatujui lini tena."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Ile Jumapili ndiyo siwezi kukurudishia. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, bado kitu kinaweza kutengenezwa."

Akapigapiga sakafu mbele ya miguu yake.

"Njoo ukae hapa nikusuke. Mama yako amesema."