Maneno ya Mwisho ya Kaka Yangu Yalitoka Stoo

Mkasa huu umenigharimu kaka mmoja niliyemzika mara mbili, nusu ya kiwanja cha Mbweni iliyobaki kidogo tu iende, na hamu ya kula wali wa Jumapili. Nimejumlisha mara mbili, jibu ni hilo hilo.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja. Nauza viatu vya mtumba Tandika, na naishi Kimara na mama yangu mzazi, ambaye ameshapita themanini na bado ananikumbusha kuvaa sweta. Mume nilikuwaga naye... hiyo ni hesabu nyingine, tuiache.

Sokoni wanajua kwamba silipi kitu kabla sijakigeuza juu chini. Kiatu nakikunja, nakinusa, nakigonga ukutani. Lakini mtu aliyekuja kuketi mezani kwetu miaka ishirini na nane, huyo sikumgeuza hata mara moja. Ndiyo maana naandika.

Kaka yangu Bosco alikuwa askari wa miavuli. Kazi yenyewe ni hiyo mnayoifikiria: unapanda ndege vizuri, inafika juu, unatoka mlangoni kabla haijatua. Ukifika chini unamshukuru Mungu, kesho unarudia. Siku moja upepo uligeuka akiwa karibu kabisa na ardhi, ukamburuta mpaka kwenye mawe. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Alizikwa kwa heshima zote. Risasi zikapigwa hewani, kisha wenzake wakapanda lori lile lile lililowaleta, wakarudi kambini. Hakuna aliyebaki kuongea na mama.

Baada ya wiki chache akaja askari mmoja na sanduku la Bosco. Nguo, rozari, redio ndogo. Nitamwita Gasto, na hilo ni jina zuri kuliko analostahili. Mama akaliweka lile sanduku magotini, akamuuliza swali moja tu: "Ulikuwa naye?"

Gasto akajibu ndiyo.

Neno moja, ndugu zangu... Angejibu hapana, angekunywa maji akaenda zake.

Akasimulia. Walikuwa wamejipanga mstari ndani ya ndege, yeye nyuma ya Bosco kabisa, kifua mgongoni. Mlango ukafunguliwa. Bosco akageuka, akamwambia, "Likitokea la kutokea, mwambie mama asilie, nimekwenda nikiwa na furaha." Akaruka. Mama aliposikia hayo aliomba chakula, mara ya kwanza tangu mazishi. Ugali na dagaa. Nakumbuka kwa sababu nilipika mie.

Tangu hapo Gasto akawa mtoto wa nyumba. Jumapili akija, mama anapata nguvu; asipokuja, anachungulia getini. Alipooa, mama alisimama kama mzazi wa bwana harusi. Alipostaafu, mama ndiye aliyemtafutia chumba mtaa wa pili. Paja la kuku lilikuwa lake. Mie niliyenunua kuku nilipewa shingo, na nilishukuru.

Na kila mwaka, siku ya misa ya kumwombea Bosco, mama angesema, "Gasto mwanangu, tusimulie." Naye angesimulia, chozi likidondoka pale pale lilipodondoka mwaka jana.

Mwaka huu mama akatoa tamko. Kiwanja cha Mbweni alichoacha baba kilikuwa nusu yangu, nusu ya Bosco. Hiyo ya Bosco iandikwe jina la Gasto, na mjumbe wa mtaa aje kushuhudia wiki moja baada ya misa. Nilijikuna kichwa, sikatai. Lakini nikajiambia, mtu aliyesimama mgongoni kwa kaka yangu dakika ile, ana haki gani nimnyime?

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo mwenyewe.

Siku chache kabla ya misa alikuja mteja kibandani kwangu, mtu mzima, mkakamavu. Akajaribu buti. Badala ya kutembea kama watu wengine, alikusanya miguu pamoja, akakunja magoti, akajirusha kidogo na kutua. Mara mbili.

Nikamuuliza, "Baba, unanunua kiatu au unapigana nacho?"

"Samahani, dada. Mazoea. Niliruka miavuli miaka mingi."

"Basi utakuwa unamjua marehemu kaka yangu. Bosco."

Aliketi juu ya robota la viatu. Akaniuliza kama mama yetu yuko hai. Nikamwambia yupo, na Jumamosi tuna misa, aje, kuna mwenzao mwingine atafurahi sana kumwona. Sikumtajia Gasto, nilitaka iwe zawadi. Huyo mzee anaitwa Mwita. Alilipa bei niliyoitaja bila kuomba punguzo. Mstaafu, Tandika, hakuomba hata mia ipungue. Hapo hapo ningejua kuna kitu.

Jumamosi akaja na mwenzake wa zamani, Shomari, mwenye duka Kipawa. Huyo mdomo wake haujui likizo. Alimpa mama shikamoo, akauliza kuku amechinjwa na nani, nikamwambia jirani yetu Mzee Omari, kama siku zote. "Basi leo nakula mpaka niombewe na mimi," akasema.

Kisha akamwona Gasto amekaa kiti cha karibu na mama.

"Bwana Stoo! Wewe uko hai? Bado unawadai watu mablanketi?"

Gasto alicheka kwa meno tu. Mama akauliza, "Mnamwitaje mwanangu?"

"Jina la utani, mama," Gasto akawahi. "Jeshini kila mtu na lake."

Sikulitilia maanani. Nilikuwa nagawa pilau.

Wakaanza hadithi zao, na kwa kweli zilinoga. Shomari alisimulia siku alipotua katikati ya shamba la muhogo la bibi mmoja. Yule bibi hakukimbia. Alimsogelea na jembe, akamuuliza, "Umetumwa na nani?" Shomari, bado amefungwa na kamba zake, akajibu, "Serikali." Bibi akasema, "Basi hutoki hapa mpaka serikali ilipe muhogo wangu." Ikabidi ofisa mzima aje kumkomboa.

"Alikushika mateka?" Mwita akamchokoza. "Mbona kambini ulisema ulimsaidia kupalilia?"

"Nilipalilia nikiwa mateka. Kazi ni kazi."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mwita naye akasimulia mnara wa mazoezi, ule wanaofundishiwa kuruka kabla ya kupandishwa ndege. Akasema pale juu kila mtu alisali, hata wale waliojiandikisha kuwa hawana dini. "Na wengine walisali wakateremka kwa ngazi," Shomari akamalizia, akimwangalia Gasto. "Siyo kosa. Mablanketi nayo yanahitaji mtu."

Gasto akainamia sahani.

Mama akajifuta macho kwa kanga. "Haya, Gasto mwanangu. Wenzako wapo. Tusimulie."

"Mama, leo tupumzike. Wageni wamechoka."

"Wageni ni wenzako. Simulia."

Na akasimulia! Hilo ndilo nisilomsamehe mpaka leo. Angeweza kusingizia tumbo. Angeweza kujibadilishia mahali, akajiweka mwisho wa mstari, akajiweka hata chini akipunga mkono. Hapana. Mazoea yalimshika: nyuma ya Bosco, kifua mgongoni, mlango, Bosco akageuka, mwambie mama asilie. Na chozi likaja kwa wakati wake.

Shomari, yule yule wa mdomo, alikuwa anatazama pilau yake kama anaitafutia mawe. Mwita aliweka kijiko chini. Akainuka, akatoka uani.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye tanki la maji, ananawa mkono mmoja, anaunawa tena.

"Dada," akasema, "nyuma ya Bosco nilikuwa mimi."

Mie ni mtu wa soko, simwamini mtu kwa sababu ya sura. Nikamgeuza kama ningegeuza kiatu. Nikamuuliza, Bosco alikuwaje ndani ya ndege?

"Alilala," akanijibu. "Yeye alikuwaga analala, mdomo wazi, sie tunatetemeka. Tulimwamsha kwa kiwiko."

Bosco alilala kanisani, alilala kwenye kiti cha kinyozi, siku ya kipaimara alilala mbele ya askofu. Gasto katika miaka yake yote hakuwahi kulitaja hilo.

"Alisema nini mlangoni?"

"Hakusema. Pale hata mama yako akikuita husikii, injini na upepo vinakula kila kitu. Kila mtu anamkagua aliye mbele yake, anampiga bega, anatoka. Nilimkagua, nikampiga bega. Basi." Akautazama ule mkono. "Walichunguza, wakasema ni upepo, mwavuli ulifunguka vizuri. Lakini wa mwisho kumgusa nilikuwa mimi. Kila nikifikiria kuja kwenu, namwona mama ananiuliza: ulimkagua sawasawa? Nikawa naahirisha."

Na Gasto? Mwita akaniambia alikuwa stoo. Alishindwa mnarani, akapangiwa kutunza vifaa. Sanduku la Bosco alilileta kwa sababu kuleta masanduku ilikuwa kazi yake.

Mnaona uchafu wake? Mahali alipoona pa heshima, akapavaa kama koti. Kumbe koti lile kuna mtu alikuwa analibeba, na lilikuwa linamvunja mgongo. Mmoja analipiwa kuku, mwingine hapati usingizi, na mahali ni hapo hapo.

Wale wawili waliondoka. Nilimvizia Gasto getini. Nilitegemea atakana, nilishajiandaa. Hakukana.

"Dada Vero, mama alihitaji mtu. Nani mwingine alikuja? Huyo Mwita alikuwa wapi?"

"Kwa hiyo ukamuuzia uongo."

"Nilimpa kitu cha kushika. Kama unaona vibaya, ingia umwambie. Mwambie sasa hivi kwamba mwanawe hakumtaja. Nakusubiri hapa."

Nilisimama na mkono kwenye komeo. Sikuingia...

Alijua sitaingia. Mtu anayejua bei yako kabla hujaitaja ni mtu hatari.

Nikafanya nilichozoea kufanya, nikapatana naye. Nikamwambia kiwanja akikatae kwa mdomo wake mwenyewe, na mie nitanyamaza. Akaniomba aachiwe Jumapili zake mezani kwetu. Nikakubali. Nilirudi ndani nikijiona nimeshinda, na nilikuwa bado sijafika jikoni nilipojisikia kunuka.

Kwani mnajua kilichofuata? Gasto alimwambia mama, "Kiwanja mpe Vero, mimi nina pa kulala, mapenzi yako yananitosha." Mama alilia. Akalisimulia hilo kwenye jumuiya, nyumba kwa nyumba: mwanangu amekataa ardhi! Leo Gasto akipita mtaani wanamwamkia kwa mikono miwili. Nilidhani nimemvua kitu, kumbe nimemvisha.

Na Mwita? Mama anamsema kila akikumbuka. "Yule rafiki yao aliyeinuka wakati mwenzake anamlilia Bosco, hana moyo yule. Usimlete tena." Na mie natia sukari kwenye kikombe cha Gasto, vijiko viwili kama anavyopenda, nanyamaza. Makubaliano.

Wasomaji wenzangu, nimelipa ada ya somo hili, lichukueni bure. Mtu akikuletea maneno ya marehemu, mkaribishe, mpe maji, lakini tafuta na wengine waliokuwepo, hata kama maneno yenyewe ni matamu. Hasa kama ni matamu. Na nyie mliokuwepo kweli, mnaoogopa kuulizwa, nendeni msibani. Mkikawia, mwenye mdomo atakaa kwenye kiti chenu, na mkija baadaye mtaonekana nyie ndio wavamizi.

Jana Mwita amenipigia simu. Anasema amechoka, anataka kuja Jumapili hii kumwambia mama kwa kinywa chake kwamba mkono wa mwisho ulikuwa wake, na kwamba ndani ya ndege ile Bosco alilala kama mtoto. Hata akifukuzwa, atakuwa amefika. Hakuniuliza lolote kuhusu Gasto, hajui nilichopatana naye.

Nikimfungulia geti, mama atampata mtu wa kweli na kuyapoteza maneno yaliyomlisha miaka yote hii, naye hana miaka mingine ya kuyazoea mapya. Nisipomfungulia, nitaendelea kutia chai ya mwongo mpaka nitakapomzika mama, na Gasto ndiye atakayeshika jeneza mbele.

Nimepima huku na huku, mizani haitulii. Nimwambie Mwita aje, au abaki kwake? Nishaurini, tafadhali, na iwe kabla ya Jumapili.