Rispah Arudi Kutoka Japani

Katika msongamano wa uwanja wa ndege wa Jeddah, Rispah alikuwa akisukuma kigari cha mtoto wa madam, mwajiri wake, abaya yake imekunjamana kwa safari, aliposikia akiitwa kwa lafudhi ya kwao.

"Rispah!"

Akageuka. Zablon, dereva wa ghala moja la Al-Sulay, Riyadh, alikuwa ametumwa hadi Jeddah kumpokea mgeni wa bosi wake, shati la samawati limenyooka kwa pasi. Walikuwa wapenzi, mpaka ghafla Zablon akam-block kwenye simu.

Rispah alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka.

"Nilidhani umehamia Japani," Zablon akasema. "Rafiki yako Monicah alinionyesha picha. Umevaa koti la bei, umesimama na mwanamume chini ya maua. Na simu hushiki!"

"Walienda likizo, mimi nikaenda kulea mtoto. Koti ni la madam. Huyo ni ndugu yake, alitushikia mwavuli. Laini yangu haikushika huko. Si ungeuliza?"

"Niliumia, mpenzi."

"Haya."

Madam alikuwa bado anangoja mizigo. Zablon akajikaza. "Sasa, Japani kukoje?"

Akamweleza kama anayesimulia safari ya mtu mwingine. Treni inajaa mpaka mlangoni, na hakuna anayeongea. Barabara haina hata gari moja, lakini watu wanangoja taa ya kijani. Watoto wadogo wanaenda shule peke yao, kofia za manjano kichwani. Kuna mji ambako wanyama paa wanatembea barabarani, wanakuinamia uwape biskuti.

"Na ule mlima wao wa theluji?"

"Niliuona. Nilikuwa nambadilisha mtoto nepi. Kina madam wakapiga kelele, 'Mashallah!' Mimi nikaona mlima."

"Hukufurahi hata kidogo?"

"Sisikii kitu moyoni, Zab. Huko wala hapa. Hata wewe nakuona tu."

Zablon akasogea karibu. "Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Nimekwambia sisikii kitu."

"Nimesikia. Tuoane hivyo hivyo."

"Yalla, Rispah!" madam akaita.

"Niulize Ijumaa," Rispah akamwambia Zablon, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Ijumaa simu ikalia chumbani kwake Al-Rawdah, Jeddah.

"Mrembo, umefikiria?"

"Bado."

Akauliza Ijumaa iliyofuata, na nyingine, bila kununa. Siku moja, akikunja nguo za mtoto, Rispah akasema, "Sawa. Nioe," kama mtu anayekubali kuongezewa chai.

Zablon akapiga ukelele wa furaha huko Riyadh. Rispah akaketi kitandani kumsikiliza, na alipojigusa shavu akakuta limelowa machozi.