Maneno Yaliyobaki Koridoni

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni mwa chumba cha redio, akafuta jasho, akajitupa kwenye kiti mbele ya kipaza sauti. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isipige mwangwi. Baba yake ndiye aliyekuwa mkurugenzi, mtangazaji, fundi na mfagiaji. Marehemu mama yake alikuwa ameanzisha kipindi cha watoto, na sasa Chiriku ndiye aliyekiendesha. Watoto wa mji mzima walikisubiri kama kengele ya kwenda nyumbani.

Lakini redio hiyo ilikuwa roho mkononi. Leseni yake ya muda ilikaribia kwisha. Ili redio isikike ni lazima iwe na masafa yake, yaani njia yake hewani ambayo redio nyingine haipiti. Serikali iliyauza masafa hayo kwa mnada, na katika mnada wa kwanza Baba aliambulia patupu. Masafa ya miji yote ya mkoa yaliuzwa kwa fungu moja, kama mtu aliyetaka kitunguu kimoja akalazimishwa kununua gunia zima. Wenye mifuko minene ndio waliobeba gunia.

"Wakubwa wakishakaa mezani, sisi kazi yetu kuosha sahani," Baba alinung'unika kila alipokaza skrubu.

Sasa mnada wa pili, wa masafa yaliyobaki, ulikuwa njiani. Ofisi ya mawasiliano iliwaita walioshiriki ule wa kwanza waje waeleze ulivyokwenda, kabla kanuni mpya hazijatungwa.

"Uwaambie hilo la gunia, Baba," alisema Chiriku.

"Niwaambie? Watanitambua."

Jumamosi ya kikao Chiriku hakumaliza hata chai kwa furaha. Alipewa kazi ya kubeba kinasa sauti, ili kikao kitangazwe kwenye habari. Walipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa bado umefungwa, na koridoni watu walikuwa wakizungumza kwa moto. Chiriku aliwasha kinasa sauti akijaribu kama kinafanya kazi.

"Kanuni tuliletewa jioni, mnada ukawa asubuhi," alisema mama mwenye duka la intaneti. "Hata mtihani wa darasa la kwanza hutangazwa mapema."

"Na lile gunia lao je?" Baba alidakia. "Mnada gani huo? Ule ulikuwa mchezo wa paka na panya, na paka ndiye refa." Korido nzima ikacheka.

Mlango ukafunguliwa. Afisa wa leseni, dada mmoja mwenye sauti iliyokauka kwa vikao, akawakaribisha. "Ndugu zangu, semeni bila woga. Mnada ulikuwaje?"

Mama wa intaneti akasimama, akarekebisha mtandio. "Kwa kweli tunashukuru. Ulikwenda vizuri." Wa pili akashukuru, wa tatu akapongeza. Chiriku akamtazama Baba yake.

"Mimi sina la kuongeza," alisema Baba.

"Basi," afisa akasema polepole, "kama hakuna tatizo, kanuni zitabaki zilivyo. Tukirudi kutoka kwenye chai, tutafunga."

Koridoni Chiriku alimshika Baba mkono. "Yale ya nyumbani mbona umeyaacha nyumbani?"

"Hujui dunia, mwanangu. Ukiwakosoa leo, kesho wanakunyima."

"Si walishatunyima? Watatunyima mara ngapi?"

Baba akageukia meza ya chai. Hapo mama wa intaneti akaona taa nyekundu ya kinasa sauti. "We mtoto, hicho kidude kimewaka tangu saa ngapi?"

Vikombe vikasimama hewani. Chiriku akatambua kwamba yale maneno makali yote yalikuwa kiganjani mwake. Ukumbi ulikuwa hatua chache tu. Angeweza kukimbia, akamsikilizishe afisa, na redio ikapona.

"Msiogope, shangazi," akasema. "Mama alinifundisha kwamba sauti ya mtu haiendi hewani bila ruhusa yake. Nitayafuta yote. Ila kwanza Baba ajisikilize mwenyewe."

Baba akaweka kinasa sauti sikioni. Akasikiliza, akacheka kidogo, kisha akakishusha. "Huyu jasiri ndiye mimi?"

"Ndiye wewe. Tatizo hajaingia ukumbini."

Baba alirudi ndani, akasimama. Akasema habari ya gunia la vitunguu, akasema habari ya paka na refa. Afisa akacheka, akaandika, akaomba arudie taratibu. Mama wa intaneti akanyoosha mkono: "Na mimi kuna jambo nilisahau." Baada ya hapo mikono ikawa msitu.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta tangu asubuhi," alisema afisa. "Daktari atamtibu vipi mgonjwa anayesema haumwi?"

Kanuni mpya zilipotoka, kila mji ulikuwa na fungu lake, na washiriki walipewa muda wa kutosha kuzisoma. Siku ya mnada, Baba na Chiriku walikaa mbele ya kompyuta kwenye duka la intaneti. Baba akipandisha bei, mtu asiyejulikana anapandisha. Baba akipandisha tena, naye tena. Mama wa intaneti aliacha wateja wake, akaja kusimama nyuma yao akiuma kucha. Kisha yule mwingine akaacha kupandisha, na mstari wao kwenye skrini ukageuka kijani.

"Tumepata," Baba alinong'ona, kama anayeogopa kuiamsha bahati. Chiriku alikuwa ameshapanda juu ya kiti, anaruka.

Jioni hiyo, kabla ya kuwasha mitambo, Baba alimkalisha.

"Wakubwa wana kosa lao la kuziba masikio, na sijawasamehe. Lakini na sisi tulikuwa na letu. Ukweli tulikuwa nao, tukausema mahali ambapo haufiki. Ukweli bila ujasiri, mwanangu, ni redio isiyo na masafa: inaongea chumbani, inajisikiliza yenyewe."

"Sawa, Baba," alisema Chiriku, akivuta kipaza sauti upande wake. "Sasa nipishe. Watoto wananisubiri."